Mzee na Cheti Chake: Je, Aliyesamehewa na Mungu Aombe Karatasi Ibadilishwe?

Masomo: Matendo 15:36–40, Matendo 16:35–40, Mathayo 20:1–16, 2 Timotheo 4:11



Jumapili iliyopita tulikuwa na Paulo na Sila katika gereza la Filipi, na kama kawaida yetu tulikaa sana kwenye usiku wa manane, pale minyororo ilipofunguka. Kwaya ikaimba, watu wakashangilia, saa ikatuishia. Lakini sehemu niliyokuwa nayo moyoni ni ile ya asubuhi yake, na sikuifikia. Ndiyo maana naiandika hapa. Iko na mzee mmoja wa ushirika wetu ndani yake. Amenipa ruhusa niseme habari zake bila kutaja jina wala kijiji. Nitasema tu ni ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Wanaomjua watamtambua, na nawaomba wamheshimu.

Mzee alikuja ofisini siku ya Alhamisi baada ya maombi ya mchana. Alikuwa na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2017 na ambayo wazee bado wanayo nyumbani kwa kazi kama hii. Akatoa karatasi moja. Ilikuwa imekunjwa mara nne kwa miaka mingi hata mikunjo ikatoboka, akaiunga kwa selotepu. Ni cheti chake cha kuachishwa jeshi, cha mwaka 1985. Mahali pa sababu pameandikwa maneno machache, kwamba aliondoka kazini bila ruhusa. Mahali pa tabia pana neno moja tu. Sitaliandika, lakini si neno ambalo mtu angependa lisomwe mbele ya wajukuu.

"Pasta," akaniambia, "nataka kuandikia wakubwa wa jeshi waibadilishe hii. Nimeambiwa nikiwa na barua ya kanisa watanisikiliza."

"Barua iseme nini, mzee?"

"Iseme mwaka 1984 nilikuwa mgonjwa. Nililazwa hospitali ya misheni."

"Kwani ulikuwa mgonjwa?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa na njaa. Si hiyo pia ni ugonjwa?"

Wale wa umri wangu hawahitaji kuelezwa 1984. Mvua ndefu ilikataa, na Ukambani wote kutoka Mwingi mpaka Mtito Andei tulikula mahindi ya njano ya msaada, tukishukuru na huku tukinung'unikia ladha yake. Mzee wakati huo alikuwa kijana askari, amehudumu miaka mitano, kituo chake kiko mbali. Alipewa likizo ya siku kumi na nne. Alifika nyumbani akakuta ng'ombe wamekwisha, mama yake amelala, mke ana watoto wawili, na mdogo hana nguvu ya kulia. Siku ya kumi na nne ikafika. Hakurudi. Alikaa miezi minne akichimba maji kwenye mchanga wa mto, akichoma makaa na kuyabeba mpaka barabarani. Mtoto alipona. Mama hakupona. Alipomaliza kumzika, akavaa sare zake, akapanda gari, akarudi kambini mwenyewe. Hakuna aliyekuja kumkamata. Akashtakiwa, akafungiwa siku zake, akaachishwa.

Nilimuuliza kama alionewa. Akasema hapana, walimhukumu kwa haki, yeye mwenyewe angekuwa afande angefanya vile vile. Hilo jibu lilinigusa, na pia liliniweka kwenye shida. Maana kama alihukumiwa kwa haki, sasa anaomba nini?

Tena kwa nini leo, baada ya miaka arobaini? Alinieleza mambo mawili. La kwanza ni kwamba maisha yake yote, kila alipoenda kutafuta kazi ya ulinzi, aliruka ile miaka ya jeshi. Akiulizwa alikuwa wapi, anasema alikuwa nyumbani akilima. Yaani amekuwa akidanganya kwa kunyamaza tangu 1985, na mwaka alipookoka hakuacha, kwa sababu hakujua angeanzia wapi. La pili ni mazishi ya ndugu yake mwaka jana. Mnajua sisi, historia ya marehemu husomwa yote, shule aliyosoma, kazi aliyofanya, mpaka madeni. Alikaa pale chini ya hema akajiuliza atakaposomwa yeye watasema nini hapo katikati.

Nikamwambia anipe wiki mbili. Barua ya kusema alikuwa hospitali sikuweza kuiandika, na nilimwambia hivyo hapo hapo. Lakini sikutaka kumfukuza mara ya pili.

Nilipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa na mama wawili wa maombi. Mama mmoja, ambaye maombi yake yamenibeba mimi mwenyewe mara nyingi, alisema mara moja: Pasta, mwambie aiache. Jina lake limeandikwa mbinguni. Karatasi ya wanadamu ni ya nini? Kuishughulikia ni kuonyesha kwamba msamaha wa Mungu haujamtosha. Watu wakaitikia. Karibu niitikie mimi.

Lakini soma Matendo 16 polepole. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma askari, waambie wale watu waende zao. Mlango uko wazi. Paulo ameimba usiku kucha, ameona muujiza, amembatiza mlinzi wa gereza na nyumba yake. Kama kuna mtu ambaye jina lake mbinguni linamtosha, si ndiye huyu? Huyu ndiye aliyewaandikia hao hao Wafilipi baadaye kwamba heshima zake zote amezihesabu kuwa hasara. Na bado anakataa kutoka. Anasema walipigwa hadharani, bila kesi, tena wakiwa raia wa Rumi, na sasa wanataka kutolewa kisirisiri? Waje wenyewe wawatoe. Na wakaja, kwa hofu.

Nimesikia wahubiri wakisema hapo Paulo alikuwa na kiburi kidogo. Mimi sioni kiburi. Hakudai fidia. Hakudai mtu afutwe kazi. Alidai jambo moja, kwamba lililoharibiwa hadharani litengenezwe hadharani. Na ukiangalia anakoenda akitoka gerezani utaona sababu. Anaenda nyumbani kwa Lidia, kwa ndugu. Paulo alikuwa anaondoka, lakini Lidia na mlinzi wa gereza walikuwa wanabaki Filipi. Kama Paulo angeondoka kimya, wangebaki wakiitwa wafuasi wa mhalifu. Jina baya la mtu mmoja huwa halimkai peke yake. Linakaa kwa watoto, kwa mke, kwa kanisa.

Kwa hiyo lile neno la kwamba aliyeokoka asijali karatasi, sikulikubali. Hata wazee wetu walijua uzito wa karatasi. Baada ya Vita vya Kwanza serikali ya mkoloni iliwavisha kipande shingoni, na tajiri asipotia sahihi kwamba umeachishwa, wewe ni mtoro, unatafutwa. Maandishi ya mtu mmoja, ambaye huenda aliamka na hasira siku hiyo, yanakufuata mpaka kaburini. Mungu hakutuumba tusijali hilo.

Sasa, Paulo hakuwa na hatia. Hapo ndipo lazima tutenganishe watu ambao tumezoea kuwaweka pamoja.

Wapo katika nchi yetu waliotoka jeshini kama Paulo alivyoingia gerezani, bila kesi. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga, Hezekiah Ochuka akiwa mbele, walitangaza kwenye redio kwamba wamepindua serikali. Siku hiyo hiyo jeshi la nchi kavu likawazima. Kilichofuata ni kwamba jeshi lote la anga lilivunjwa, likaundwa lingine kwa jina la '82 Air Force, na jina la zamani halikurudi mpaka 1994. Walioshtakiwa walishtakiwa, na Ochuka akanyongwa 1987. Lakini wengi walikamatwa, wakawekwa ndani, kisha wakaachiliwa na kuambiwa waende nyumbani, bila mashtaka yoyote. Ukambani tumekuwa na vijana wengi jeshini tangu siku za Keya, kwa hiyo si ajabu kwamba hata huku kuna nyumba ambazo mwaka huo haujadiliwi mezani. Miaka mingi baadaye baadhi ya watu hao walienda Mahakama Kuu. Wengine majaji waliwapa fidia kwa mateso na kufungiwa bila kesi. Wengine walikataliwa, wakaambiwa wamechelewa mno kuja.

Marekani ilitokea kitu kinachofanana. Mwaka 1906 kulipigwa risasi usiku katika mji wa Brownsville, Texas, mtu akafa. Wenye mji wakasema ni askari weusi wa kambi ya karibu. Hakuna aliyethibitika kufanya. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza askari 167 bila heshima, wote pamoja, kwa sababu hawakumtaja mwenye kosa, ambaye huenda hakuwa kati yao kabisa. Mwaka 1972, miaka sitini na sita baadaye, jeshi likabadilisha vyeti vyao vyote kuwa vya heshima. Karibu wote walikuwa wamekufa. Mmoja aliyekuwa hai, Dorsie Willis, alikuwa na zaidi ya miaka 80. Maisha yake mengi alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha viatu huko Minneapolis. Akalipwa dola 25,000.

Mtu kama huyo akija ofisini kwangu, kazi ni rahisi. Namwandikia barua asubuhi hiyo hiyo, naongeza na maombi. Anachoomba si huruma, ni ukweli. Katiba yetu ya 2010 pia inalijua hilo. Kifungu cha 35 kinasema kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli, au zinazopotosha, ambazo zinamwathiri. Angalieni vizuri, ni habari zisizo za kweli. Kifungu hakisemi habari zinazotuaibisha.

Na kwa anayekubali kosa, Katiba ina mlango mwingine. Katika kifungu cha 133 Rais, akishauriwa na kamati, anaweza kumsamehe mtu aliyehukumiwa. Milango ni miwili, na walioiweka walijua kwa nini hawakuifanya mmoja. Mwenye kweli anaingia huku, mwenye kuomba rehema anaingia kule. Shida ya mzee wetu ni kwamba alikuwa anataka kupita mlango wa rehema akiwa amevaa nguo za mtu wa mlango wa kweli. Na sisi Wakristo mara nyingi tunamsaidia mtu kufanya hivyo, tunaita upendo.

Mlezi wa hii fikira yangu ni kijana mmoja katika Matendo 15, Yohana Marko. Alitoka na Paulo na Barnaba katika safari ya kwanza. Walipofika Pamfilia akawaacha, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili Barnaba akataka wamchukue tena, Paulo akakataa katakata. Huwezi kumchukua mtu aliyetuacha kazini. Wakagombana mpaka wakatengana, mitume wawili waliojaa Roho. Kwa lugha ya kambini, Marko ni mtoro, na Paulo ndiye afande aliyetia sahihi.

Nenda sasa mwisho wa 2 Timotheo. Paulo ni mzee, yuko kifungoni, karibu kufa. Anamwambia Timotheo aje na Marko, kwa sababu Marko anamfaa katika kazi. Mtu yule yule, mkono ule ule ulioandika kwamba hafai.

Lakini hebu tazama kile ambacho hakikufanyika. Hakuna aliyerudi kwa Luka akamwambia, ndugu, ile habari ya Pamfilia ifute, kijana ameshatengenea. Luka alikuwa pamoja na Paulo wakati ule, mstari huo huo wa Timotheo unasema hivyo. Angeweza kufuta. Habari ya Pamfilia imebaki, tunaisoma mpaka leo Wote na Mutomo. Kilichofanyika ni kwamba maneno mengine yaliongezwa. Cheti cha Marko kina mistari miwili, ule wa kwanza ni wa kweli na ule wa pili ni wa kweli, na ukisoma mmoja bila mwingine umepotoshwa.

Uingereza walifanya kitu cha namna hiyo mwaka 2006. Askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita vya Kwanza, kwa kutoroka au kwa woga na makosa kama hayo, walisamehewa kwa sheria ya Bunge. Na sheria hiyo ikasema wazi kwamba hukumu yenyewe haikufutwa. Wengine walilalamika kwamba msamaha wa namna hiyo ni nusu. Kwa wale walioonewa naona ni nusu kweli. Kwa wale waliotoroka kweli, nadhani ni mzima.

Nilidhani hapo nimemaliza, nikajisifu kidogo. Halafu mzee mwingine wa kanisa akasimama kwenye kile kikao. Huyu alihudumu jeshini mpaka akastaafu, anapokea pensheni yake, na wote mnamjua kwa sababu ndiye anayepanga magari siku za mkutano kana kwamba ni paredi. Huwa hasemi sana.

"Pasta," akasema, "mwaka 1984 mama yangu mimi alikuwa Makueni. Alikuwa na njaa pia. Nilikuwa na likizo ya siku kumi na nne kama yeye. Nilirudi siku ya kumi na tatu. Dada yangu mdogo alikufa mwezi uliofuata, na nilipata habari kwa barua. Mkimwandikia huyu kwamba ametoka kwa heshima, sawa na mimi, basi mimi nilirudi kwa nini?"

Chumba kilinyamaza. Nimekuwa mchungaji miaka mingi na sikuwa na jibu. Nikafunga kikao kwa maombi, mafupi, maana hata maombi yalikuwa yamekauka.

Ndugu zangu, tukihubiri neema tunapenda kumsahau huyu mtu. Tunamsimulia mwana mpotevu, na yule kaka mkubwa tunamfanya mbaya, mwenye wivu. Lakini kaka mkubwa alikuwa shambani. Mzee wetu huyu hakuwa na wivu. Alikuwa anauliza kuhusu dada yake. Kama kukaa na kutoroka vinaandikwa neno moja, dada yake alikufa kwa ajili ya nini?

Nilikaa na Mathayo 20 siku kadhaa. Ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu huwa unatumiwa kumnyamazisha mtu kama huyu. Mwenye shamba ni mwema, nyamaza. Lakini nilipousoma tena niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Aliyeingia saa ya mwisho analipwa dinari nzima, sawa na aliyechomwa na jua siku nzima. Hiyo ni neema, na mwenye shamba haombi radhi kwa hilo. Hata hivyo mwenye shamba haandiki mahali popote kwamba yule wa saa ya mwisho alifanya kazi siku nzima. Malipo yamelingana, lakini saa zimebaki zile zile. Wale wa asubuhi wanapolalamika wanasema kweli, sisi tumebeba joto la mchana na hawa saa moja tu, na mwenye shamba hakatai hesabu yao. Hawaambii wamekosea saa.

Kama angewaambia watu wale kwamba wote walianza asubuhi, hapo angekuwa amewanyang'anya kitu. Dinari ya mwenzako haipunguzi yako. Lakini uongo juu ya saa za mwenzako unapunguza za kwako.

Nikaenda nyumbani kwa mzee wa pensheni, nikamwambia hivyo, tukinywa chai. Hakusema ndiyo wala hapana. Akauliza kama mwenzake atakubali barua itakayosema kwamba aliondoka. Nikasema sijui, sijamuuliza.

Nilimwita yule mzee wa kwanza. Nikamwambia kwanza kile ambacho kanisa haliwezi kusema. Haliwezi kusema ulikuwa mgonjwa. Haliwezi kusema uliruhusiwa. Halafu kile linachoweza. Linaweza kusema uliondoka, na kwa nini, na kwamba ulirudi kwa miguu yako mwenyewe bila kukamatwa, kitu ambacho cheti chako hakisemi. Linaweza kusema mama alizikwa lini, maana chifu wa wakati huo alitoa kibali na nakala iko. Linaweza kusema umekuwa nani kati yetu. Kisha tunaomba wakubwa wa jeshi, kama sheria yao inawaruhusu, waongeze hayo kwenye faili yako, na kama kuna nafasi ya kulitazama upya lile neno la tabia, walitazame. Ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuomba rekodi zake zilizo na makosa, zilizopitwa na wakati au zisizokamilika zirekebishwe, au ziongezewe maelezo. Mimi si wakili, na mambo ya jeshi yana milango yake migumu. Lakini neno hilo, zisizokamilika, lilinipa moyo. Cheti cha mzee hakidanganyi. Ni kifupi tu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Hiyo barua itaanza na kwamba nilitoroka?"

"Ndiyo, mzee."

"Mstari wa kwanza?"

"Ikiwa wa pili, watafikiri tunaficha."

Alinyamaza muda mrefu. Nje watoto wa Sunday school walikuwa wanacheza mpira na chupa ya plastiki. Nilitaka kusema kitu cha kumfariji na nikajizuia. Mwishowe akasema miaka arobaini hajawahi kuitamka hiyo sentensi mbele ya mtu, hata mke wake aliambiwa tu kwamba jeshi limepunguza watu. Kwa hiyo jioni hiyo akaenda kumwambia mke wake kwanza. Mama alimjibu nini, hayo ni yao. Ijumaa alirudi na kalamu yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilielewa kitu kuhusu hilo ombi. Nilikuwa nimelipima kama swali la haki, anastahili au hastahili. Lakini kwa miaka arobaini huyu mtu alikuwa amejipa mwenyewe cheti kibaya zaidi kuliko kile cha jeshi. Jeshi liliandika kwamba aliondoka. Yeye aliandika kwamba hakuwahi kuwepo. Alifuta miaka mitano ya utumishi wake wa kweli, paredi, doria, usiku wa baridi, kwa sababu ya miezi minne. Kuomba karatasi itazamwe upya kulimlazimu kuikubali yote kwanza. Sasa hata wakikataa, historia yake itasomeka bila kuruka mwaka.

Mama wa maombi aliyesema aiache bado ana maoni yake, na nampenda hivyo. Ananiambia tungengoja tarumbeta ya mwisho, faili zote zitafunguliwa siku hiyo. Namjibu kwamba za hapa tunaruhusiwa kuzisafisha mapema.

Barua tuliandika kurasa mbili, tukapiga mhuri. Sehemu ya mashahidi ilihitaji sahihi mbili mbali na yangu. Ya kwanza alitia mzee mmoja wa kanisa. Ya pili ilikaa wazi siku nne. Jumanne mzee wa pensheni alipita ofisini akitoka sokoni, akaomba kuiona. Aliisoma yote akiwa amesimama. Alipofika mstari wa kwanza akarudia kuusoma. Halafu akatia sahihi, na chini yake akaandika namba yake ya jeshi, ambayo hatukuwa tumeiomba.

Barua ilienda kwa rejista mwezi uliopita. Jibu bado. Tunaendelea kuliombea kila Alhamisi, na tunamwombea pia karani atakayelifungua.

Wapendwa walio na vyeti vya namna hii nyumbani, viwe vya jeshi, polisi, ualimu au kampuni, waje ofisini Alhamisi baada ya maombi ya mchana. Mje na karatasi yenyewe, si fotokopi ya fotokopi. Na mje tayari kuniambia ilivyokuwa.